Kusikiliza kitabu au kukisoma: mwongozo kamili wa kuchagua na kufaidi vyote viwili

Palipo na wapenda vitabu siku hizi hakosekani wa kuuliza: aliyesikiliza kitabu kwenye simu anaweza kusema amekisoma? Wa karatasi hukunja uso, wa hedifoni hujitetea, na mabishano huishia pale pale yalipoanzia. Kesi hiyo sitaiamua hapa. Nina swali lenye faida zaidi. Una kitabu fulani unachokitaka, una saa chache kwa wiki, una simu yenye bando la kuhesabu. Je, kitabu hicho ukisikilize au ukishike mkononi? Na ukishaamua, ufanyeje ili kikukae kichwani?

Msimamo wangu ni kwamba kinachoamua ni mwendo. Anayesoma kwa macho anapanga mwendo wake mwenyewe. Anayesikiliza amemwachia mtu mwingine mwendo huo. Karibu kila ushauri utakaoukuta hapa chini unatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Jua tofauti ilipo

Ukifika penye sentensi ngumu, jicho hurudi nyuma lenyewe, mara nyingi bila wewe kujua, likalisoma neno tena, likatulia, kisha likaendelea. Penye maelezo ya kuchosha linaruka. Sikio halina uhuru huo. Wakati wewe bado unaitafakari sentensi iliyopita, msomaji wa kwenye rekodi ameshafika ya tatu. Lakini sauti nayo ina vyake ambavyo karatasi haina: mkazo, kejeli, kigugumizi, kituo kabla ya habari mbaya.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu waliosikiliza hadithi na pia kuzisoma hadithi zile zile. Maana za maneno ziliamsha karibu sehemu zile zile za ubongo kwa njia zote mbili. Miaka mitatu kabla, Beth Rogowsky na wenzake walikuwa wamewagawa watu wazima katika makundi matatu: wa kusikiliza, wa kusoma kwenye skrini, na wa kufanya yote mawili kwa pamoja. Walipowapima papo hapo, na tena wiki mbili baadaye, hawakuona tofauti ya maana. Mpenda hedifoni akisikia hayo hushangilia.

Asishangilie mapema. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, wengine waisome, wengine waisikilize, na waliosikiliza walipata alama za chini kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 2022 Virginia Clinton-Lisell alikusanya tafiti 46 za namna hii akazipima kwa pamoja. Kwa ujumla hakukuta tofauti, lakini pale msomaji alipoachiwa aende kwa mwendo wake, kusoma kulishinda. Kulishinda pia pale maswali yalipotaka kung'amua yale ambayo maandishi hayakuyasema waziwazi.

Mimi sioni mgongano hapo. Kundi la Rogowsky lilipewa kitabu cha maisha ya mtu, kinachosimuliwa tukio baada ya tukio. Wanafunzi wa 2010 walipewa makala ya hoja. Simulizi hutembea vizuri na sauti, ilhali hoja inakudai urudi nyuma ulinganishe.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili lisingepaswa kuwa geni. Utenzi una mizani nane kwa kila kipande, na vina vyake vinarudi ubeti hadi ubeti, kwa sababu ulikusudiwa kughaniwa mbele ya watu. Katika miji ya pwani mmoja alishika mswada wa herufi za Kiarabu akausoma kwa sauti, na wengi waliokaa kumsikiliza, pamoja na wasiojua kusoma, walihifadhi beti kwa moyo. Sijawahi kusikia kwamba kuna aliyewaambia hawaujui utenzi ule.

Hatua ya 2: Kipime kitabu kwa kurasa tatu

Usiamue kwa kuangalia jalada wala kwa kusema "mimi ni mtu wa kusikiliza". Fungua kitabu katikati, kwa kuwa kurasa za mwanzo huandikwa ili zikuvute na haziaminiki kwa kazi hii. Soma tatu mfululizo kimyakimya, huku ukijichunguza.

Macho yako yalirudi nyuma mara ngapi kwa lazima? Ikiwa ni mara moja au mbili, kitabu kinasikilizika. Ikiwa ulirudi karibu kila aya, kitabu hicho kinataka karatasi, na ukikisikiliza utapata ladha bila kupata kitu.

Kuna cha kutazama? Jedwali, ramani, fomula, mchoro, mti wa ukoo, tanbihi chini ya ukurasa: vyote hivyo hufa kwenye sauti. Msomaji wa rekodi ama atavisoma namba kwa namba mpaka uzime, ama atavipita.

Majina ni mangapi? Riwaya yenye watu watano sikio linaibeba. Yenye koo tatu na vizazi vinne, ambamo mjukuu amerithi jina la babu, itakuchanganya kabla ya sura ya pili.

Mwishoni, jisomee nusu ukurasa kwa sauti. Kuna maandishi ambayo yakisomwa kwa sauti yanafufuka, na mengine yanageuka tangazo la mkutano wa kijiji.

Kwa kipimo hicho, vitabu vingi hujipanga vyenyewe. Tawasifu hufaa sana kusikilizwa, hasa ikiwa mwandishi ndiye aliyeisoma. Vivyo hivyo riwaya za upelelezi zinazokwenda moja kwa moja, hekaya, historia ya matukio, na hotuba. Sheria, sarufi, uhasibu na sayansi ya shule viende kwenye karatasi. Mapishi yenye vipimo nayo yawe ya kusoma. Jaribu kumrudisha nyuma msomaji mikono ikiwa imejaa unga na utaelewa. Riwaya za Kiswahili za majaribio, zile zinazoruka nyakati na kubadilisha msimulizi bila taarifa, zisome kwanza. Ukitaka kuzisikiliza baadaye, ni starehe ya pekee.

Mashairi yana hukumu yake. Yasikilize kwanza, kisha uyasome. Sauti inakupa mahadhi na mahali pa kituo, lakini lahaja ya Kiamu au ya Kimvita ina maneno ambayo msomaji wa bara, au hata kijana wa pwani wa leo, hayajui, na sherehe, yaani orodha ya maana za maneno hayo, iko nyuma ya kitabu. Huwezi kuifunua kwa sikio.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya saa na bando

Takwimu za maneno kwa dakika zinazotajwa mtandaoni ni za Kiingereza, na hazitusaidii sana, kwa sababu neno letu moja kama "nitakapomwambia" linabeba sentensi nzima ya wenzetu. Tumia saa yako. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa riwaya ya kawaida, bila haraka. Wengi watatumia dakika mbili hadi mbili na nusu. Kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 ni saa saba hadi nane za kusikiliza. Kimya kimya, msomaji mzoefu atakimaliza mapema zaidi.

Kinachompa msikilizaji nafuu ni kwamba saa zake ni zile zilizokuwa zinapotea. Anayetoka Mbagala kwenda Posta asubuhi, au Rongai kwenda katikati ya Nairobi, ana saa nzima au zaidi ya foleni kila upande. Hata akitumia safari ya kwenda tu, kwa siku tano amepata saa tano, na kitabu kizima anakimaliza ndani ya wiki mbili. Kwenye daladala iliyojaa, ukiwa umesimama na mkono mmoja juu, kitabu cha karatasi hakifunguki.

Sasa bando. Faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde, ambalo kwa sauti ya mtu anayesoma linatosha kabisa, linachukua takriban MB 29 kwa saa. La kilobiti 128 linachukua mara mbili yake, MB 58. Kitabu cha saa nane basi ni MB 230 au 460. Ukiona chaguo la 64, lichukue, maana 128 ni ya muziki. Simulizi zilizopandishwa kama video zinakula zaidi ya hapo bila sababu, kwa kuwa unalipia picha moja iliyoganda. Kama programu inaruhusu kupakua, pakua penye Wi-Fi au kwa bando la usiku, na usisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni ukiwa njiani.

Hatua ya 4: Mahali pa kuvipata

Tuseme ukweli: vitabu vya sauti vya Kiswahili vilivyorekodiwa kwa idhini na kwa ubora ni vichache ukilinganisha na vilivyochapishwa. Riwaya nyingi nzuri zinazofundishwa shuleni hazina rekodi rasmi. Kwa hiyo wapo watakaopima kitabu, wakaona kinafaa kusikilizwa, kisha wasikipate.

Vinavyopatikana bure ni pamoja na Biblia ya Kiswahili ya sauti kwenye programu ya Bible.is. Kwa watoto zipo tovuti za Storybooks Tanzania na Storybooks Kenya, zenye hadithi fupi kutoka African Storybook, maandishi na sauti pamoja. Kwa vitabu vya zamani vya Kiingereza ipo LibriVox, iliyoanzishwa 2005, ambapo watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani. Ni bure, ila ubora unategemea aliyejitolea, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na wasomaji kumi wa lafudhi kumi. Onja sura mbili tatu kabla ya kupakua zote.

Audible, ambayo ni mali ya Amazon tangu 2008, ina hazina kubwa, lakini karibu yote ni ya lugha za nje, na malipo ni kwa kadi. Uliye Minneapolis, Toronto au London una njia nafuu zaidi: kata kadi ya maktaba ya mtaani kwako, weka programu ya Libby, uazime bila kulipa senti.

Usisahau njia ya mashine. Kivinjari cha Microsoft Edge kinaweza kukusomea ukurasa kwa sauti, na miongoni mwa sauti zake zimo za Kiswahili: Rehema na Daudi kwa lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ya Kenya. Simu za Android nazo zina sauti ya Kiswahili ya Google katika mipangilio. Kwa ripoti, makala na habari ndefu inatosha. Kwa fasihi sikushauri. Mashine inasoma matanga na harusi kwa sauti moja, na kwenye shairi hupita juu ya kituo cha katikati ya mshororo kana kwamba hakipo. Jambo la kukagua kabla: kama PDF yako ni picha ya kurasa zilizopigwa skani, mashine haitaona neno hata moja. Jaribu kuchagua sentensi kwa kidole. Isipochagulika, hiyo ni picha.

Vya karatasi havina haja ya maelezo marefu. Dar es Salaam kuna duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, na Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kenya kuna maktaba za umma katika kaunti nyingi. Vitabu vya mitumba vya kando ya barabara ni rahisi, ila hesabu kurasa kabla ya kulipa. Sura ya mwisho ndiyo hupenda kung'oka.

Kuna kundi ambalo kwao sauti ni mlango pekee: wasioona, wenye uoni hafifu, na wenye shida ya kutambua herufi. Vitabu vya sauti vilianza kwa ajili yao. Uingereza ilianza kuwapelekea wasioona santuri za vitabu mwaka 1935, wakiwamo askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na riwaya moja ilihitaji rundo la santuri. Leo kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya sauti au nukta nundu kwa ajili yao bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, anza kuuliza kwenye chama cha wasioona cha nchi yako kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 5: Andaa simu

Kosa la kawaida ni kusikilizia kitabu kwenye programu ya muziki. Programu ya muziki haikumbuki ulipoishia, na ikiwa umeiacha kwenye mchanganyo (shuffle) itakutoa sura ya 3 ikupeleke ya 17, muuaji akajulikana kabla ya maiti kupatikana. Tafuta iliyotengenezwa kwa vitabu, kama Smart AudioBook Player kwa Android, au VLC ambayo ni ya bure na ina kidhibiti cha kasi na saa ya kuzima yenyewe.

Kabla ya kuanza, fanya haya manne:

1. Weka kila kitabu katika folda yake, na mafaili uyape majina yanayoanza na tarakimu mbili: 01, 02, 03. Ukiandika "Sura 1", "Sura 2", programu nyingi zitakuchezea Sura 10 mara baada ya Sura 1.

2. Weka kitufe cha kurudi nyuma kiwe cha sekunde 15 au 30. Hicho ndicho jicho lako la kurudi nyuma, nawe utakitumia kuliko vyote.

3. Kama unasikiliza kitandani, weka saa ya kuzima ya dakika 15. Usipoweka, kesho utatumia nusu saa kutafuta ulipolala.

4. Kasi iache kwenye 1 kwa sura ya kwanza. Ukimzoea msomaji, panda hadi 1.2. Wapo wanaojisifu kwa kusikiliza kwa 2. Kwa habari za biashara sawa, lakini riwaya kwa kasi hiyo inapoteza vituo, na vituo ndivyo ulivyovifuata.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Simu haikuonyeshi desibeli kila mara, kwa hiyo tumia kanuni ya mtaani: ukilazimika kupandisha sauti mpaka juu ili umshinde kondakta na muziki wa gari, zima, subiri gari lipungue. Barabarani acha sikio moja wazi. Juu ya bodaboda usivae kabisa. Usiposikia honi nyuma yako, hadithi itaishia hapo.

Hatua ya 6: Sikiliza kama msomaji

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kisha wakalaumu vitabu vya sauti. Kitabu kinachezwa, wao wako kwenye WhatsApp, na mwisho wanasema "sijaelewa kitu".

Dakika 20 za kwanza kaa chini usifanye kingine. Unajifunza mambo mawili kwa mpigo: watu wa kitabu na sauti ya msomaji. Andika majina kwenye kipande cha karatasi kadiri yanavyokuja, hata kama hujui yanavyoandikwa. Ukishavuka hapo, unaweza kuanza kuchanganya na kazi.

Kazi yenyewe iwe ya mikono na isiwe ya maneno. Kuosha vyombo, kupiga pasi, kuchambua mchele, kufagia uwanja, kutembea njia unayoijua: zote zinakwenda vizuri na hadithi. Kuandika ujumbe, kufunga hesabu za duka, kumsaidia mtoto kazi ya shule, kuendesha gari njia ngeni: hizi zinagombania sehemu ile ile ya akili, na hadithi ndiyo itakayoshindwa. Mwenye duka la rejareja anaweza kusikiliza wakati wa kupanga bidhaa, akazima mteja akiingia. Asipozima atarudisha chenji ya elfu kumi kwa elfu tano.

Ukigundua akili imetoka, rudisha nyuma papo hapo. Usijiambie kwamba utaelewa mbele. Ikitokea mara tatu ndani ya sura moja, zima, umechoka. Kitabu hakina hatia.

Kila sura ikiisha, simamisha na ujisimulie kwa sauti: nani, nini kimetokea, nini kimebaki hakijajibiwa. Inachukua dakika moja na inafanya kazi kubwa kuliko kusikiliza sura nzima mara ya pili. Mkiwa wawili nyumbani mnaosikiliza kitabu kimoja, basi hii inageuka mazungumzo ya mezani na huhitaji kujilazimisha. Na penye jambo la kukumbuka, andika namba ya sura na dakika, kwa mfano "07, dk 12". Usipofanya hivyo hutalipata tena, maana sauti haina ukurasa.

Neno kuhusu wasomaji. Chagua anayesoma kwa utulivu na kubadilisha sauti kidogo tu. Mimi wale wanaobana pua kila mwanamke anapozungumza nawakimbia dakika ya tano, hata kitabu kiwe kizuri vipi.

Hatua ya 7: Cha karatasi kisome ukiwa na penseli

Ikiwa kitabu kimeangukia upande wa karatasi, ni kwa sababu kinataka kurudiwa, basi kisaidie kirudiwe. Weka alama nyembamba pembeni penye hoja, na kwenye ukurasa mtupu wa mwisho andika faharasa yako: neno moja na namba ya ukurasa. Kitabu cha kuazima au cha maktaba kisichorwe. Tumia vipande vya karatasi. Simu iache chumba kingine, la sivyo unasoma aya moja na jumbe tatu. Na umeme ukikatika, taa ya kuchaji yenye mwanga wa kutosha ni bora kuliko tochi ya simu, kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Vitumie vyote viwili pale inapolipa

Kusikiliza huku ukifuata kwa macho hakumwongezei sana mtu mzima anayesoma kwa ufasaha lugha yake. Utafiti wa Rogowsky haukuona faida ya ziada. Lakini kwa anayejifunza lugha, mimi naona hakuna zoezi rahisi zaidi. Mtoto aliyezaliwa Ulaya au Marekani wa wazazi Waswahili mara nyingi husikia lugha asiweze kuisoma. Mpe hadithi fupi ya dakika tano. Siku ya kwanza asikilize tu. Siku ya pili asikilize huku kidole kikifuata mistari. Siku ya tatu asome mwenyewe, sauti ikiwa imezimwa, kisha aiwashe ahakiki. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi anayetaka kukizoea Kiswahili cha vitabuni anaweza kufuata mpango huo huo kwa sura za riwaya, na anayejifunza Kiingereza pia.

Mwanafunzi wa vitabu teule anahitaji utaratibu tofauti. Aanze kwa karatasi, kitabu kizima, penseli mkononi. Kisha, kama rekodi ipo, asikilize mara ya pili akiwa njiani au kwenye kazi za nyumbani, ili mtiririko wa matukio umkae. Halafu arudi kwenye karatasi kwa kazi ya mtihani. Hatua hii ya mwisho hairukwi. Swali la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, linalokupa dondoo na kukutaka uliweke katika muktadha wake linakudai msemaji, msemewa, mahali na sababu, na maneno yenyewe ulivyoyaona yameandikwa. Maswali ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, yanayotaka hoja zenye mifano kutoka vitabu viwili nayo yanaadhibu kumbukumbu ya jumlajumla. Aliyesikiliza tu anajua hadithi na anakosa alama. Tamthilia ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa inasikika vizuri mno hata mtu akadhani ameshaielewa, wakati maelekezo ya jukwaani, ambayo watahini huyapenda, mara nyingi yameachwa kwenye rekodi.

Hatua ya 9: Ukikosa rekodi, rekodi mwenyewe

Tuseme bibi ana mtoto wa jicho na alikuwa msomaji. Au mjomba anaendesha lori kutoka Dar kwenda Tunduma na anataka riwaya ambayo haina rekodi popote. Simu yako inatosha.

Chagua chumba chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi, kwa kuwa vitambaa vinameza mwangwi. Sebule tupu yenye vigae itakufanya usikike kama uko ndani ya pipa. Kama paa ni la bati, usirekodi siku ya mvua. Zima feni na friji ikibidi, weka simu kwenye hali ya ndege, ilaze juu ya kitambaa kama shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Maji ya kunywa yawe ya kawaida. Ya baridi yanakaza koo.

Kila sura iwe faili lake. Anza kwa kutaja jina la kitabu, mwandishi, sura na ukurasa unaoanzia, ili msikilizaji aweze kuomba urudie mahali fulani. Ukikosea, usizime: nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi nzima kutoka mwanzo, utakata baadaye. Usisome zaidi ya dakika 40 kwa mkao mmoja. Sauti huanza kushuka kabla wewe hujaisikia imeshuka.

Rekodi hiyo ibaki kwa mwenye kuhitaji. Kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp au kuipandisha YouTube ni kusambaza kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zote zinataka idhini. Ukiona imetoka nzuri, mwandikie mchapishaji, namba na anwani yake ziko kwenye ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, umweleze ulichofanya na umpe sura moja aisikie.

Na ukirudi kurekodi baada ya siku kadhaa, sikiliza kwanza dakika ya mwisho ya sura iliyotangulia, ukae kwa umbali ule ule na usome kwa kasi ile ile. Majina ya watu uliyoyatamka kwa namna fulani mwanzoni yaandike, uyatamke hivyo hivyo mpaka mwisho.